Herufi Moja na Daftari la Samaki: Uchambuzi wa Dai la Fidia la Abiria wa Matatu

Kisa hiki kilipita katika ofisi yetu ndogo ya msaada wa kisheria, Pwani ya Kenya, na tunakiandika kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria wenzetu na kwa familia ambazo huenda kesho zikajikuta wodini na mgonjwa aliyevunjika, bila kujua pa kuanzia. Mhusika ametupa idhini ya kukieleza. Majina yameondolewa, mahali pamefichwa na tarehe zimesogezwa kidogo, lakini mpangilio wa mambo na hesabu za pesa tumeziacha jinsi zilivyohitajika ili funzo lisipotee. Tutamwita mhusika Bi. M.

Usuli

Bi. M. alikuwa na umri wa miaka 43 wakati wa ajali, naye ni mama karanga, yaani mmoja wa wale wanawake wanaonunua samaki wadogo bandarini alfajiri, wakawakaanga na kuwauza mtaani jioni. Hana mshahara, hana hati ya malipo, na kabla ya ajali hakuwahi kuingia ofisi ya wakili. Kadi yake ya NHIF, yaani bima ya afya ya taifa iliyokuwapo wakati ule, ilikuwa haijalipiwa kwa miezi kadhaa. Watu wa aina yake ndio abiria wakuu wa matatu nchini, na ndio pia ambao sheria ya bima ya lazima ilikusudiwa kuwalinda.

Sheria hiyo ni ya Bima ya Magari dhidi ya Madhara kwa Mtu wa Tatu, Sura ya 405 ya Sheria za Kenya. Kwa ufupi, hakuna anayeruhusiwa kuendesha gari barabarani, au kumwachia mwingine aliendeshe, bila bima inayogharimia kifo au majeraha ya mwili ya mtu wa tatu, yaani mtu asiyekuwa mkata bima wala kampuni ya bima. Dhamana hiyo ya lazima ina ukomo wa shilingi 3,000,000 kwa dai la mtu mmoja, na hukumu ikizidi hapo ziada inabaki kuwa deni la mwenye gari. Haigusi mali. Ndoo ya samaki ya Bi. M. na shilingi 11,000 za mtaji zilizokuwa kwenye kibeti chake zilipotea siku ile, na hakuna sehemu yoyote ya sheria hii iliyoweza kuzirudisha.

Kuna makundi mawili ambayo wengi hudhani yamo ndani ya bima hii ya lazima ilhali hayamo. La kwanza ni mfanyakazi wa mwenye gari anayeumia akiwa kazini. Kondakta wa matatu hii alivunjika mkono na akaja kwetu wiki ileile aliyokuja Bi. M., nasi tulilazimika kumweleza kwamba njia yake ni Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 na dai lake ni kwa mwajiri wake. La pili ni abiria aliyepewa lifti bure katika gari la kibinafsi, kwa kuwa sheria inalazimisha dhamana ya abiria pale tu gari linapobeba watu kwa malipo au kwa sababu ya ajira zao. Bi. M. alikuwa amelipa nauli, kwa hiyo kwa upande huo alikuwa salama.

Tukio na saa za kwanza

Ajali ilitokea Machi 2021, kabla ya jua kuchomoza, katika barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Matatu ya abiria 14 ilikuwa imebeba watu 17. Dereva alijaribu kulipita gari jingine, akajikuta nyuma ya lori lililoharibika na kuachwa nusu ndani ya njia, bila taa na bila alama za pembetatu za kutahadharisha. Matatu ililigonga lori kwa ubavu wa kushoto. Bi. M. alikuwa ameketi upande huo.

Alivunjika mfupa wa paja la kushoto. Zahanati ya karibu ilimfunga kwa mbao na kumpeleka hospitali kubwa, ambako siku ya nne alifanyiwa upasuaji na kutiwa chuma ndani ya mfupa. Alilazwa wiki tatu. Zahanati ilikuwa imemwandika kwa jina la mtoto wake wa kwanza, “Mama Fulani”, kwa sababu ndivyo abiria mwenzake alivyomtaja alipokuwa hana fahamu, na jambo hilo dogo lilitusumbua baadaye kuliko tulivyotarajia.

Siku hiyohiyo mchana mwanawe wa miaka 19 alifanya jambo ambalo hakufundishwa na mtu. Alikwenda hadi uwanja wa kituo cha polisi yalikovutwa magari yote mawili, akapiga picha nne kwa simu: nambari ya usajili ya matatu, nambari ya lori, ubavu uliobomoka, na stika ya bima iliyokuwa imebaki kwenye kipande cha kioo cha mbele. Kioo kilikuwa kimepasuka kama utando wa buibui, lakini stika ilisomeka: jina la kampuni ya bima, nambari ya cheti, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kesho yake asubuhi kioo chote kilikuwa kimeondolewa.

Mtu wa makaratasi wodini

Siku ya sita alifika wodini mwanamume aliyevaa vizuri na kubeba faili, akajitambulisha kuwa anatoka kwa mawakili. Alimwambia Bi. M., ambaye bado alikuwa kwenye dawa kali za maumivu, “Mama, wewe weka kidole hapa tu, hiyo mingine tuachie sisi.” Aliweka. Mtu yule aliondoka na nakala ya kitambulisho, kadi ya zahanati ya siku ya kwanza na karatasi mbili zenye alama ya kidole, moja ikiwa ni idhini ya kumwakilisha na nyingine makubaliano kwamba ofisi hiyo itachukua theluthi moja ya fidia yoyote, na ikiwa hakuna fidia basi hakuna malipo.

Makubaliano ya namna hiyo ni batili chini ya kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili, ambacho hakikubali wakili kulipwa kwa sharti la kushinda kesi tu. Bi. M. hakujua hilo, wala hakuna mtu wodini aliyemwambia. Alipotufikia mnamo Mei 2021, wiki ya tisa baada ya ajali, akiegemea magongo mawili na kushikwa na mwanawe, jambo la kwanza aliloeleza halikuwa mguu. Alituuliza kama amekwisha kuuza kesi yake.

Tuliamua kutopigana na mtu yule kwa wakati huo. Sababu ilikuwa rahisi: lalamiko dhidi yake lingechukua miezi, na majeruhi alihitaji karatasi zake upesi. Tulimtafutia wakili mwingine, naye akaandika barua fupi ya kubatilisha idhini ile na kudai nyaraka zote zirudishwe ndani ya siku 7. Kitambulisho kilirudi. Kadi ya zahanati haikurudi kamwe, ikabidi tuombe zahanati itoe nakala kutoka kwenye rejista yake, na hapo ndipo tulipogundua lile jina la “Mama Fulani”. Lalamiko tuliliandika baadaye, kesi ilipokwisha.

Herufi iliyoandikwa vibaya

Abstrakti ya polisi, yaani hati ya muhtasari wa ajali inayotolewa na kituo cha polisi, ndiyo mlango wa madai yote ya ajali nchini. Ina tarehe, mahali, nambari ya kitabu cha matukio, nambari za usajili za magari, majina ya madereva na majeruhi, na kampuni za bima. Yetu ilikuwa imejazwa kwa mkono, na aliyeijaza aliandika C mahali pa G katika nambari ya usajili ya matatu. Kwa macho ya haraka hutaiona tofauti. Mkia mdogo tu wa herufi haukuandikwa.

Tulipeleka nambari ile NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani inayosajili magari, kuomba rekodi ya umiliki, kwa sababu kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinamchukulia mtu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Rekodi ilirudi na jina la mtu. Wakili akamwandikia barua ya madai, akanakili kwa kampuni ya bima iliyotajwa kwenye abstrakti, na tukangoja. Baada ya wiki nyingi tulijibiwa na mwalimu mmoja wa bara, mwenye gari dogo la kibinafsi ambalo halijawahi kufika Pwani, akituuliza kwa upole kama tumekosea. Kampuni ya bima nayo ilijibu kwamba haina rekodi ya gari hilo, na kwa kweli haikuwa nayo, kwa sababu matatu ilikuwa ikikatiwa bima ya mwezi mmoja mmoja na mwenye gari alikuwa amehamia kampuni nyingine mwanzo wa mwezi ule. Polisi waliandika kampuni ya zamani.

Majibu yote mawili yalikuwa kwenye simu ya yule kijana tangu siku ya ajali. Picha zake zilionyesha G iliyo wazi, na stika ilionyesha kampuni sahihi pamoja na tarehe zilizojumuisha siku ile. Alikuwa ametuonyesha picha hizo siku ya kwanza, tukazisifu, tukazihifadhi kwenye faili, na hakuna aliyeketi kuzilinganisha na abstrakti mstari kwa mstari. Tulipoteza miezi minne. Makosa hayo yalikuwa yetu, hayakuwa ya polisi wala ya bima, na tunayaandika hapa kwa sababu yangeweza kuzuiwa kwa dakika kumi za kazi.

Kituo cha polisi kilitoa abstrakti iliyosahihishwa mwezi Novemba, baada ya kuangalia kitabu cha matukio na ripoti ya ukaguzi wa gari. Barua mpya ya madai ikaenda kwa mwenye gari sahihi na kwa kampuni sahihi.

Ofa ya shilingi 120,000

Mwezi Desemba kampuni ya bima ilituma mtu wake nyumbani kwa Bi. M., bila kupitia kwa wakili, na ofa ya shilingi 120,000. Karatasi aliyoiacha ilikuwa na aya moja tu. Tuliisoma naye neno kwa neno: kwa kupokea kiasi hicho, mpokeaji anakubali kuwa madai yake yote yanayotokana na ajali hiyo, ya sasa na ya baadaye, yanayojulikana na yasiyojulikana, yamekwisha kabisa. Chini kulikuwa na nafasi ya sahihi, nafasi ya shahidi, na mahali pa nambari ya M-Pesa.

Ilikuwa siku ngumu katika familia ile. Bi. M. alikuwa bado anadaiwa shilingi 86,000 na hospitali. Kaka yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimlisha yeye na watoto, alitaka apokee. Alituambia, na hakukosea, kwamba sisi tunazungumza habari za mwaka kesho ilhali yeye anaulizwa unga leo.

Tulimshauri asitie sahihi, na tulieleza sababu mbili. Mfupa ulikuwa bado haujaunga vizuri, na daktari aliyemtibu alikuwa amesema chuma kitahitaji kutolewa baadaye kwa upasuaji wa pili, ambao gharama yake peke yake ingekaribia ofa yote. Pia hapakuwa na ripoti ya kitabibu inayosema ameumia kwa kiwango gani, kwa hiyo hakuna upande wowote uliojua thamani ya dai, na karatasi ile ingefunga mlango kabla ya mtu kuchungulia ndani. Hata hivyo hatukuishia kwenye ushauri. Tulikwenda naye kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye aliwezesha kusamehewa sehemu ya deni na kilichobaki kulipwa kidogokidogo. Bila hatua hiyo sidhani kwamba angeweza kukataa, na sidhani kwamba tungekuwa na haki ya kumlaumu kama angekubali.

Januari 2022 daktari wa kujitegemea aliandika ripoti: mvunjiko mkubwa wa paja, mguu uliofupika kidogo, ulemavu wa kudumu wa asilimia 18, miezi 8 nje ya kazi, na upasuaji wa kutoa chuma unaokadiriwa kugharimu shilingi 120,000. Daktari wa kampuni ya bima, aliyemwona mara moja, aliandika asilimia 8.

Barua ya kukataa

Ofa ilipokataliwa, lugha ya kampuni ilibadilika. Februari ilituma barua ikisema haiwajibiki, kwa sababu matatu ilibeba abiria 17 kinyume cha masharti ya bima yanayosema 14.

Barua kama hii huwavunja moyo watu wengi wakaacha madai yao, ndiyo maana tunaieleza kwa kirefu. Kifungu cha 16 cha Sura ya 405 kinataja masharti ambayo kampuni ya bima haiwezi kuyatumia kumnyima mtu wa tatu fidia yake, na miongoni mwake ni idadi ya watu waliobebwa na gari, hali ya gari, umri au hali ya mwili ya dereva, uzito wa mizigo, na saa au maeneo ambamo gari lilitumika. Kampuni inaweza kumdai mteja wake irudishiwe pesa ilizolipa kwa sababu alivunja masharti, lakini huo ni ugomvi wao wawili. Bi. M. hakuwa na uwezo wa kuhesabu abiria gizani wala wa kumshusha mtu.

Kampuni ya bima inayotaka kujivua kabisa, kwa mfano kwa kudai kwamba mteja aliificha jambo muhimu alipokata bima, haiwezi kufanya hivyo kwa barua. Kifungu cha 10 kinaitaka ifungue kesi yake mahakamani kabla dai la majeruhi halijafunguliwa au ndani ya miezi 3 baada ya kufunguliwa, ipate tamko la mahakama, na imjulishe majeruhi. Kampuni hii haikufanya lolote kati ya hayo. Wakili alijibu barua yao kwa aya mbili, akataja vifungu hivyo, na hoja ya abiria 17 haikusikika tena.

Mahakamani

Kesi za majeraha zina muda wa miaka 3 tangu tukio. Yetu ilifunguliwa Aprili 2022 katika mahakama ya hakimu, dhidi ya mwenye matatu, dereva wake na mwenye lori. Kampuni ya bima haishtakiwi katika hatua hii. Hukumu hutafutwa kwanza dhidi ya mwenye gari, kisha kifungu cha 10 kinailazimisha kampuni kuilipa, na ikikataa hufunguliwa kesi ya pili ya kuomba mahakama itamke kwamba inawajibika. Sharti muhimu ni taarifa: kampuni lazima ijulishwe kuhusu kesi kabla haijafunguliwa au ndani ya muda mfupi uliowekwa na sheria baada ya kufunguliwa. Wakili alipeleka taarifa wiki ileile, akahakikisha nakala imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Tumewahi kuona hukumu nzuri ikibaki karatasi tupu kwa kukosa muhuri huo mmoja.

Kuhusu lawama hapakuwa na ubishi mwingi. Dereva wa matatu alikuwa amekiri kosa katika kesi ya trafiki na kulipa faini, na nakala iliyothibitishwa ya mwenendo huo ilitolewa kama ushahidi. Hakimu aligawa lawama asilimia 70 kwa matatu na 30 kwa lori, na abiria hakubebeshwa chochote.

Ubishi ulikuwa kwenye kipato. Tuliomba shilingi 30,000 kwa mwezi kwa miezi 14. Wakili wa utetezi alimuuliza Bi. M. risiti za samaki ziko wapi, na yeye akajibu kwamba tangu azaliwe hajaona samaki akiuzwa kwa risiti. Taarifa ya M-Pesa tuliyoitoa haikusaidia sana, kwa sababu ilichanganya mauzo, pesa za chama na za kutumiwa na ndugu, na kila mstari ulioulizwa ulihitaji maelezo.

Kilichookoa sehemu hii ni daftari la BMU, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo. Katika bandari nyingi za samaki za Pwani, kamati hiyo huwa na karani anayeandika kila siku nani amenunua samaki, aina gani, kilo ngapi na kwa bei gani. Karani huyo, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuja mahakamani na madaftari matatu yenye harufu ya chumvi, akayafungua mbele ya hakimu. Safu ya mnunuzi ilisema “Mama Fulani”, jina lilelile la zahanati, na mzee akaapa kwamba ndiye mwanamke aliyesimama pale. Kilo 12 hadi 15 za tafi, changu wadogo au samaki waitwao simu, takriban kila siku, kwa miaka miwili, na kuanzia asubuhi ya ajali jina halipo tena kwa miezi mingi. Mahakama ya Rufani ilikwisha sema mwaka 2005 kwamba nyaraka si njia pekee ya kuthibitisha kazi na kipato cha mtu, na wakili aliutegemea uamuzi huo. Hakimu alikubali kazi imethibitishwa, akakadiria faida kuwa shilingi 18,000 kwa mwezi, kwa miezi 8 iliyotajwa na daktari.

Matokeo

Hukumu ilitolewa Novemba 2023. Fidia ya jumla kwa maumivu na ulemavu ilikuwa shilingi 900,000. Kipato kilichopotea 144,000. Upasuaji wa kutoa chuma 120,000. Na gharama maalumu zilizothibitishwa 96,750. Jumla ikawa shilingi 1,260,750, pamoja na gharama za kesi na riba.

Sehemu ya matatu, asilimia 70, ilikuwa shilingi 882,525. Kampuni ya bima ilikaa kimya kwa miezi kadhaa, na ikalipa kwa mafungu mawili Aprili na Mei 2024, baada ya wakili kuiarifu kwamba kesi ya tamko iko tayari kufunguliwa. Pesa zilipita kwenye akaunti ya wateja ya wakili, nasi tulikuwa tumeomba mapema maelezo ya maandishi yanayoonyesha kilichopokelewa, ada na kilichobaki. Bi. M. aliyasoma na mwanawe mbele yetu, akatia sahihi kwa jina lake.

Uchambuzi: yaliyofaa

Picha nne za siku ya kwanza ndizo zilizobeba kesi hii, ingawa tulichelewa kuzitumia. Ilipofika Novemba, mwenye matatu alikuwa amekana kabisa kwamba alikuwa na bima na kampuni hiyo, na stika iliyopigwa picha ikiwa bado kwenye kioo ilifunga mjadala. Siku hizi vyeti vya bima za magari vinatolewa kidijitali na vinaweza kuhakikiwa, lakini uhakiki huo unahitaji nambari sahihi ya gari, na nambari sahihi huanzia kwenye jicho la mtu aliyelisogelea gari.

Kukataa ofa kulifaa kwa sababu kuliambatana na mpango wa deni la hospitali. Msaidizi wa kisheria anayemwambia maskini asipokee pesa lazima awe na jibu la swali la unga. Karani wa BMU naye alifaa kuliko shahidi yeyote wa kitaalamu, maana aliandika bila kujua kwamba siku moja ataulizwa, na hakimu aliliona hilo.

Uchambuzi: yaliyotuponyoka

Gharama maalumu tulizodai zilikuwa shilingi 214,300. Zilizokubaliwa ni 96,750 tu, zote risiti za hospitali. Sheria ya Kenya inataka gharama za aina hii zitajwe moja moja kwenye hati ya madai na kuthibitishwa kwa ukamilifu. Shilingi 117,550 zilizopotea zilikuwa pesa halisi zilizotoka mfukoni: safari 62 za tuktuk kwenda kliniki na mazoezi ya viungo, shilingi 700 kwenda na kurudi, jumla 43,400, dawa za 26,150 kutoka duka la dawa lililotoa vikaratasi visivyo na jina la mgonjwa wala tarehe, na 48,000 alizolipwa mpwa wake aliyemhudumia kwa miezi 8. Bi. M. alitufikia wiki ya tisa. Tungempa daftari la shilingi 50 siku hiyo, tukamwambia dereva wa tuktuk atie sahihi na nambari yake ya simu kila safari, tungalikuwa na ushahidi wa safari nyingi kati ya hizo. Tulimwomba risiti karibu mwaka mmoja baadaye, hati ya madai ilipokuwa ikiandikwa.

Suala la jina tulilimaliza kwa hati ya kiapo inayoeleza kwamba “Mama Fulani” na Bi. M. ni mtu mmoja, lakini tuliiandaa wiki mbili kabla ya kusikilizwa, kwa haraka. Ingepaswa kuwa karatasi ya kwanza kwenye faili, kwa kuwa wanawake wengi wa Pwani hujulikana kwa majina ya watoto wao kila mahali isipokuwa kwenye kitambulisho.

Na kuna lori. Abstrakti ilionyesha nambari ya bima ya lori, nasi tuliamini kilichoandikwa. Hatukuhakiki. Wakati wa kusikilizwa ilibainika kwamba bima hiyo ilikuwa imeisha siku 11 kabla ya ajali. Mawasilisho yetu ya mwisho hayakuomba kwa maneno yaliyo wazi kwamba kila mdaiwa awajibike kwa deni lote, na hukumu iliandikwa kwa namna ya kila mmoja kulipa sehemu yake. Kwa hiyo shilingi 378,225 za Bi. M. zikawa juu ya mtu mmoja asiye na bima nyuma yake. Mwenye lori alilipa shilingi 15,000 mara tatu, kisha akaacha kupokea simu. Wakili alipoomba rekodi ya NTSA ili lori likamatwe na kuuzwa kulipia deni, lilikuwa limehamishiwa jina la mtu mwingine miezi miwili kabla ya hukumu kusomwa. Shilingi 333,225 bado hazijalipwa.